Saikloni ya kufyonza vumbi inanipiga shoti kila nikikata MDF: tatizo ni plastiki, athi au hewa ya Dodoma?

#1 Fundi_Nkuhungu
Habari wakuu. Naomba msaada kwa wanaojua umeme na wanaojua mbao, maana hili liko katikati.

Nina karakana ndogo hapa Dodoma, natengeneza makabati ya jikoni na vitanda. Vumbi la MDF (zile mbao za unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi) lilikuwa linanimaliza kifua, nikanunua vakyumu ya lita 30 na saikloni ya plastiki, ile koni inayokaa juu ya ndoo na kuzungusha hewa ili vumbi lidondoke kabla ya kufika kwenye vakyumu. Chini nimeweka ndoo ya rangi ya lita 20. Kwa kazi yenyewe saikloni ni nzuri mno: vumbi karibu lote linaishia kwenye ndoo, filta ya vakyumu inabaki safi.

Shida ni shoti. Nikikata MDF dakika chache tu, nywele za mkono zinasimama nikiusogeza karibu na hosi. Nikigusa meza ya msumeno ambayo ni ya chuma, paa! Cheche unaiona kwa macho, kiwiko kinakufa ganzi. Vumbi nalo linashika ukuta wa koni kama limepakwa gundi, hata ukigonga halishuki. Kijana wangu sasa anakataa kushika hosi.

Kinachonichanganya: seti hii hii nilikuwa nayo Tabata, Dar es Salaam, kabla sijahamia huku, na kule haikuwahi kunipiga. Je, tatizo ni plastiki, ni athi ya jengo hili (ule waya wa kupeleka umeme ardhini), au ni hewa ya Dodoma?

#2 Mtoto_wa_Randa
Nimekaa kona hii, wataalamu waje. Nilidhani napigwa peke yangu.

#3 Ticha_wa_Sayansi
Jibu liko ndani ya swali lako mkuu. Ni hewa.

Vumbi likipita kwenye plastiki kwa kasi, kila chembe inagusa ukuta na kuachana nao, na kila vinapoachana chaji kidogo ya umeme inahama. Plastiki kama PVC huelekea kubaki na chaji hasi, unga wa mbao unaondoka na chanya. Saikloni inazidisha mambo kwa sababu imeundwa makusudi vumbi lizunguke likisugua ukuta. Na vumbi laini la MDF lina eneo kubwa la kugusana kuliko maranda ya randa, kwa hiyo linabeba chaji nyingi zaidi.

Dar hewa ina mvuke mwingi. Plastiki inapata utando mwembamba wa maji usioonekana, chaji inatambaa juu yake na kupotea. Unyevu wa hewa ukiwa juu ya asilimia 60 hupigwi sana, ukishuka chini ya 40 ndipo mambo yanaanza. Mchana wa Septemba Dodoma hata midomo inapasuka, sembuse hosi.

#4 Keko_Kazini
Maelezo mengi, dawa moja. Chukua waya wa shaba uliovuliwa ganda, uzungushe kwenye hosi kutoka mwanzo hadi mwisho, uzungushe na kwenye koni, kisha ufunge kwenye bomba la maji. Kwisha habari.

#5 Ohmu_Mia
Mkuu #4, hapo kuna mambo mawili ya kurekebisha.

La kwanza, plastiki haipitishi umeme. Chaji iliyokaa sentimita chache pembeni ya waya haina njia ya kutembea mpaka ifike kwenye waya. Unaondoa ile iliyo karibu na shaba tu, nyingine inabaki pale pale. Ndiyo maana husemwa kwamba plastiki haiwekewi athi.

La pili, mabomba ya maji siku hizi mengi ni ya plastiki. Ukifunga waya hapo hujaufunga popote. Tafuta fito ya shaba iliyochimbiwa ardhini, au waya wa athi wa jengo uliopimwa.

#6 Keko_Kazini
Sasa mbona wangu unafanya kazi? Nilifunga waya, shoti sizijui.

#7 Ohmu_Mia
Uko Keko, Dar es Salaam. Vua huo waya utumie saikloni hivyo hivyo, uje utuambie kama umepigwa.

#8 Keko_Kazini
Nivue kitu kinachofanya kazi ili nikufurahishe wewe? Hapana mkuu 😀

#9 Bahari_ya_Tanga
Ticha, hiyo ya hewa siikubali moja kwa moja. Mimi niko Tanga, bahari naisikia nikiwa kazini. Kila msumari nikiuacha nje unashika kutu. Hewa imelowa mwaka mzima, na bado vakyumu yangu yenye tangi la chuma inanipiga. Ingekuwa ni unyevu, mimi ningekuwa wa mwisho kulalamika.

#10 Fundi_Nyaya
Tanga, nijibu kitu kimoja kabla sijasema neno. Inakupiga paa moja halafu kimya, au inakutetemesha muda wote unaposhika?

#11 Bahari_ya_Tanga
Inatetemesha. Nikipitisha mgongo wa vidole juu ya tangi nahisi mkwaruzo fulani. Nikivaa buti za mpira inapungua sana.

#12 Fundi_Nyaya
Basi huo si umeme tuli, yaani chaji inayotokana na kusuguana, ni umeme wa ukutani unavuja. Chaji ya umeme tuli ikisharuka imekwisha, inabidi ijikusanye upya. Inayoendelea kutetemesha ina chanzo kinachoilisha.

Vifaa vingi vya mota vina kichujio ndani, kapasita ndogo zinazotoka kwenye nyaya za umeme kwenda kwenye bodi ya chuma. Plagi ikiwa na athi huhisi chochote. Athi ikikosekana, bodi inaelea kwenye karibu nusu ya volti 230, yaani 115 hivi. Mkondo wenyewe ni mdogo, lakini mwili unausikia. Ubaya wake ni kwamba siku waya ukichubuka ndani, bodi itapata 230 kamili na hakuna kitakachokata umeme. Zima swichi kuu, fungua soketi uangalie. Nimefungua soketi nyingi za matundu matatu nikakuta nyuma yake nyaya mbili tu, tundu la juu ni pambo.

Na wewe mwenye uzi, soma lebo ya vakyumu. Ukiona alama ya mraba ndani ya mraba, kifaa chako kina kinga ya maganda mawili na hakitumii athi kabisa. Pini ndefu ya plagi yake mara nyingi ni plastiki tupu. Watu wanafunga waya kutoka kwenye hosi hadi kwenye vakyumu ya aina hiyo wakiamini wameweka athi, kumbe waya umeishia hewani.

#13 Fundi_Nkuhungu
Nimeangalia. Mraba ndani ya mraba upo, na pini ndefu kweli ni plastiki, nilikuwa sijawahi kuitazama. Yangu ni paa moja halafu kimya mpaka nikate tena.

#14 Gikomba_Timber
Hiyo maneno ya nyaya haiwezi kueleza kila kitu. Mimi hapa Nairobi hutumia vakyumu ya betri na saikloni ndogo nikiwa kwa site. Haijashikana na stima popote. Na Januari hadi Februari, jua likiwaka na hewa ikauke, hiyo kitu hunirusha vibaya. Kama ni soketi mbovu, hapo soketi iko wapi?

#15 Fundi_Nyaya
Gikomba, sijasema wote mna shida moja. Ya Tanga ni kuvuja, ya kwako ni tuli. Ninachokataa ni mtu kupigwa na bodi ya chuma halafu aambiwe ni hewa kavu, aendelee na kazi.

#16 Mzee_wa_Kinu
Vijana, mnaizungumzia saikloni kama imeingia jana. Mashine nyingi za kusaga hapa nchini zina saikloni juu yake. Ile koni ya bati inayopokea unga kutoka kwenye nyundo, unga unashuka kwenye gunia, hewa inatokea juu kwenye mfuko wa kitambaa. Ni kazi ile ile ya saikloni zenu.

Nimesaga sembe na dona Songea kwa miaka mingi, koni haijanipiga hata siku moja. Kinachonisimamisha nywele ni mkanda. Sogeza mkono karibu na mkanda unaozunguka kati ya mota na kinu, utauhisi kabla hujaugusa. Koni yangu ni ya bati, imefungwa kwa bolti kwenye fremu ya chuma, fremu imefungwa kwenye zege. Chaji itakaa wapi? Acheni plastiki, nendeni kwa fundi bati awakunjie koni.

#17 Mtoto_wa_Randa
Shikamoo mzee. Basi tulete na MDF tusage hapo kwako 😀

#18 Mzee_wa_Kinu
Marahaba. Leta mahindi. MDF baki nayo, ina gundi, na watu hapa wanakula.

#19 Mama_Makabati
Samahani, nina swali la hofu. Kama cheche zinaruka, na vumbi limejaa kwenye ndoo hiyo hiyo, si italipuka? Karakana yangu imeungana na nyumba, watoto wanalala ukuta wa pili.

#20 Moto_Chini
Itakuja kulipuka dada. Sukari tu, sukari ya chai, ililipua kiwanda kule Georgia, Marekani, mwaka 2008, watu 14 wakafa. Unga wa mbao ukiwa mkavu ni hivyo hivyo. Mimi nisingewasha hicho kitu ndani ya nyumba.

#21 Ohmu_Mia
Ya Georgia ni kweli, ilikuwa Port Wentworth, na ilikuwa vumbi la sukari. Ila tusimtishe mama bila kumpa vipimo.

Vumbi likilala kwenye ndoo halilipuki, linaweza kuwaka taratibu. Ili lilipuke lazima lielee hewani kwa wingi, kwa unga wa mbao ni kuanzia takribani gramu 40 hadi 60 kwa kila mita ya ujazo. Hilo ni wingu zito ambalo ndani yake huoni mbele wala hupumui. Halafu cheche lazima iwe na nguvu, kwa unga wa mbao mara nyingi makumi ya milijouli (kipimo cha nishati ya cheche). Mtu aliyechajiwa hadi volti 10,000 akigusa chuma hutoa milijouli 5 hadi 10 hivi. Inauma, lakini iko chini ya hapo.

Angalia na yaliyotokea British Columbia, Kanada, mwaka 2012. Viwanda viwili vya mbao vililipuka, Burns Lake mwezi Januari na Prince George mwezi Aprili, kila kimoja kikaua watu wawili. Walikuwa wanapasua misonobari iliyokauka ikiwa imesimama baada ya kushambuliwa na mende, vumbi lake kavu kupita kiasi. Wachunguzi walipotafuta chanzo cha moto walifikia kwenye msuguano wa vipuri vya mashine. Umeme tuli haukuwa chanzo.

#22 Moto_Chini
Makumi ya milijouli umesema mwenyewe "mara nyingi". Likiwa laini sana na kavu sana linahitaji kidogo kuliko hapo. Na umeruka Bosley, Uingereza, Julai 2015. Kinu cha kusaga mbao kuwa unga, watu wanne walikufa. Ndani ya saikloni ndimo wingu lenyewe linamotengenezwa, au siyo?

#23 Ohmu_Mia
Ndani ya saikloni wingu lipo, sikatai. Lakini milipuko inayoangusha jengo hulishwa na vumbi lililolala kwenye mihimili na juu ya dari, linatikiswa na mlipuko mdogo wa kwanza. Ndoo ya lita 20 na jengo la Bosley haviko kwenye mizani moja. Fagia mihimili, mama. Hapo tutakubaliana wote.

#24 Pulizia_Vanishi
Mmekesha na vumbi mkasahau thina. Mvuke wa thina unawaka kwa cheche isiyofika hata milijouli 1. Ile paa ya Nkuhungu inayotia kiwiko ganzi inatosha na kubaki. Ukipuliza sila au vanishi chumba kimoja na saikloni, hapo ndipo pa kuogopa. Na mota ya vakyumu yenyewe ina brashi za kaboni zinazotoa cheche muda wote inapozunguka, usiiwashe panaponuka thina.

Jambo la pili ni grinda. Kuna fundi anakata chuma asubuhi, mchana anapiga msasa, vyote vinaingia ndoo moja. Kipande cha chuma chekundu kinajificha kwenye unga wa mbao, kinakaa masaa bila kuonekana, moto unaamka watu wamelala. Mimi kila jioni ndoo inamwagwa nje, mbali na ukuta, hata kama haijajaa.

#25 Mama_Makabati
Asante sana. Hiyo ya thina ndiyo inanigusa mimi, napulizia kwenye kona ile ile. Kuanzia kesho kupuliza kunahamia uani.

#26 Seremala_Mafinga
Nirudi kwa Ticha #3. Huku kwetu Mafinga Julai ni baridi na ukungu, asubuhi nguo hazikauki. Hewa si kavu. Na bado napigwa, lakini si kila siku. Nikiranda paini mbichi ya Sao Hill hakuna kitu, vumbi linatoka zito, limelowa. Nikileta paini iliyotoka kwenye tanuri la kukaushia, au plaiwudi, hosi inaanza kuvuta nywele. Karakana ni ile ile, siku ile ile, hosi ile ile. Kwangu mimi kinachoamua ni ukavu wa mbao, hewa inafuata nyuma.

#27 Ticha_wa_Sayansi
Hoja nzuri, na haipingani nami. Mbao mbichi inabeba maji yake yenyewe hadi ndani ya hosi. MDF imekandamizwa kwa joto pamoja na gundi, inatoka kiwandani kavu.

#28 Keko_Kazini
Basi mimi nakata MDF kutwa nzima na sipigwi. Au MDF ya Keko ni mbichi?

#29 Ticha_wa_Sayansi
MDF ya Keko inakatwa kwenye hewa ya Keko.

#30 Keko_Kazini
Au waya wangu wa shaba unafanya kazi. Mmekataa kulisema hilo tu.

#31 Usafi_wa_Hosi
Jaribuni kitu cha bei rahisi. Dawa ile ya kulainisha nguo, kifuniko kimoja kwenye lita ya maji, chovya kitambaa, kamua, pangusa koni na ndoo ndani na nje, hosi nje, acha vikauke kabisa kabla ya kuwasha. Inaacha utando unaovuta unyevu, vumbi linaacha kushika ukuta. Nimetumia, koni inabaki inaonekana ndani.

#32 Pulizia_Vanishi
Inafanya kazi, lakini vumbi lenyewe linausugua ule utando mpaka unaondoka. Itabidi urudie mara kwa mara. Na ukiwasha ikiwa na unyevu bado, unga wa MDF unageuka uji ndani ya koni.

#33 Bati_Jipya
Mimi nilibandika tepu ya alumini ndani ya ndoo yote, nikijua nimemaliza. Shoti iliyofuata ilikuwa kubwa kuliko zote nilizowahi kupata! Nani ananieleza hapo?

#34 Ohmu_Mia
Ni kwa sababu ile tepu hukuiunga ardhini. Plastiki ikichajiwa, kila sehemu inashikilia chaji yake. Ukigusa inaruka ile ya sehemu uliyogusa tu. Chuma kinakusanya yote na kuitoa yote kwa mkupuo mmoja. Ndoo ya chuma, au pipa lililokaa juu ya magurudumu ya mpira, likiachwa bila kuungwa ni baya kuliko plastiki. Toa waya kutoka kwenye tepu hadi athi, utaona.

#35 Bati_Jipya
Kwa hiyo koni ya bati ya Mzee #16 nayo ingenipiga zaidi?

#36 Mzee_wa_Kinu
Ukiiweka juu ya ndoo ya plastiki, naam, itakupiga. Yangu nimesema iko kwenye fremu, fremu kwenye zege. Someni mpaka mwisho.

#37 Muscat_Mbao
Assalaam alaykum. Sie huku Muscat karakana ina kiyoyozi mchana kutwa, na kiyoyozi chakausha hewa, kwa hivyo maradhi haya twayajua sana. Kilichotusaidia ni hosi iliyochanganywa kaboni. Festool na watengenezaji wengine wa vifaa vya useremala wanazo, zaungwa na vakyumu yenye athi ya kweli, chaji yashuka njia nzima. Oneida wa Marekani, wale wa Dust Deputy, nao wana saikloni za plastiki inayopitisha chaji.

Ila mtahadhari na hosi nyeusi za bei rahisi. Weusi peke yake si ushahidi. Chukueni mita, iwekeni kwenye ohmu, gusisheni ncha mbili za hosi. Ikisoma kitu, hata kama ni megaohmu, yapitisha. Ikikaa kimya, hiyo ni plastiki ilotiwa rangi.

#38 Ohmu_Mia
Waalaykum salaam. Nyongeza ndogo: mita nyingi za kawaida zinaishia megaohmu 20 au 40. Hosi inaweza kuwa juu ya hapo na bado ikamwaga chaji vizuri, kwa sababu mkondo wa umeme tuli ni mdogo sana. Njia ya megaohmu 1 ni barabara pana kwake. Ndiyo maana mikanda ya mkononi ya mafundi wa kompyuta huwekewa kinzani cha megaohmu 1 makusudi.

#39 Fundi_Nyaya
Hapo naomba nisimame. Mtu atasoma "megaohmu 1 inatosha" akaridhika na athi mbovu. Kwa umeme tuli inatosha, kwa usalama wa umeme wa ukutani haitoshi hata kidogo, athi ya jengo inatakiwa iwe ya ohmu chache ili fyuzi ikate. Ni kazi mbili tofauti, tusizichanganye kwenye uzi mmoja.

#40 Ohmu_Mia
Ni kweli, ni kazi mbili. Lakini swali la uzi huu ni umeme tuli.

#41 Fundi_Nyaya
Na Tanga je? Alikuja kwenye uzi huu huu na shoti yake.

#42 Bahari_ya_Tanga
Nipo. Soketi nimefungua, nyaya mbili, kama ulivyosema. Fundi amevuta waya wa tatu kutoka kwenye fito, mkwaruzo umetoweka. Asante mkuu. Ila vumbi bado linashika kwenye koni, Tanga hii hii yenye maji hewani. Ticha aniambie.

#43 Ticha_wa_Sayansi
Vumbi laini hushika ukuta hata bila chaji, hasa likiwa na mafuta au gundi, au koni ikiwa na mikwaruzo. Unakata nini?

#44 Bahari_ya_Tanga
Mtiki.

#45 Ticha_wa_Sayansi
Mtiki una mafuta.

#46 Seremala_Mafinga
Kila jambo lina jibu kwa Ticha 😀

#47 Fundi_Nkuhungu
Wakuu, nimefanyia kazi baadhi ya ushauri. Nimepata hosi yenye waya wa chuma uliojizungusha ndani ya plastiki. Nimechuna ncha zote mbili, upande mmoja nikaubana kwa nati kwenye meza ya msumeno, upande wa pili nimeushusha kwenye fito ya shaba niliyochimbia nje ya dirisha. Meza nayo imeungwa hapo. Sehemu ya fito namwagia maji, maana udongo wa huku umekauka.

Matokeo: paa kati yangu na meza imekwisha. Lakini vumbi linaendelea kushika koni vile vile, na kifuniko cha ndoo nikikishika kinanichonyota kidogo.

#48 Ohmu_Mia
Unaona. Wewe na meza mmewekwa kwenye chaji moja, hakuna cha kuruka kati yenu. Koni ni plastiki, imebaki na yake.

#49 Keko_Kazini
Kwa hiyo waya umefanya kazi. Asanteni.

#50 Gikomba_Timber
Keko umeshinda nusu 😀 Nkuhungu, kijana wako huvaa nini miguuni? Mimi niliona nikiwa na ndala za mpira hurushwa, nikiwa na viatu vya soli ya ngozi kwa simiti hapana. Mtu mwenyewe ndiye pipa lenye magurudumu ya mpira.

#51 Fundi_Nkuhungu
Anavaa kandambili. Mimi buti za mpira. Lakini peku karakanani siruhusu, kuna misumari.

#52 Bati_Jipya
Mimi nimeshaamua koni ya bati. Vipimo tafadhali, kwa bomba la vakyumu ya kawaida.

#53 Ohmu_Mia
Kuna uwiano wa siku nyingi wa vipimo vya saikloni, unaitwa wa Stairmand. Chagua kipenyo cha mwili, kiite D. Mwili ulionyooka urefu wake D moja na nusu, koni chini yake D mbili na nusu, jumla D nne. Bomba la juu la kutokea hewa nusu ya D. Mlango wa kuingilia uwe wa mstatili, kimo nusu ya D, upana sehemu moja ya tano ya D, uingie ukigusa ukuta pembeni. Tundu la chini la kushushia vumbi kama 0.375 ya D.

#54 Mzee_wa_Kinu
Fundi bati wangu hajui D, na unga unashuka. Ila hiyo ya mlango kuingia pembeni msiikosee. Na mishono kunja, usitie riveti peke yake. Hewa ikivuja kule chini, vumbi linapanda tena kwenye vakyumu, utadhani saikloni ni mbovu.

#55 Bati_Jipya
Nikiziba mishono kwa silikoni?

#56 Gikomba_Timber
Ziba, lakini baada ya kuunganisha. Kama vipande viwili vimetenganishwa na silikoni, hiyo tayari ni bati mbili tofauti, kila moja na chaji yake. Weka riveti moja au mbili mahali chuma kinagusana na chuma, pima kwa mita kutoka juu hadi chini, ndio upake silikoni nje.